Dawa za Jikoni za Minyoo: Ipi Yamfaa Paka, Ipi Yamuua?

Nilipokwenda Kitale kumzuru dada yangu anayeishi Matisi, nilimkuta mwanawe mdogo amempakata mtoto wa paka, tumbo limefura kama ngoma, manyoya yamefifia. Dada ameshatwanga thomu ampe. Nikamzuia.

Thomu, pamoja na vitunguu maji, huharibu chembe nyekundu za damu za paka na mbwa, na paka ndiye anayedhurika zaidi. Kuna minyoo inayonyonya damu. Sasa paka aliyekwisha kupungukiwa na damu ukimpa thomu, umemponya au umemmaliza? Tumbaku na mafuta ya taa ndiyo kabisa msijaribu: ni sumu.

Mbegu za boga zikisagwa kavu, bila chumvi, kidogo kwenye chakula hazina neno. Mbegu za papai nazo husifiwa sana. Lakini hakuna kati ya hizo yenye kipimo kilichothibitishwa kwa paka. Usizitegemee peke yake.

Dawa yenyewe ni piranteli kwa minyoo ya mviringo na prazikwanteli kwa tegu. Muone daktari wa mifugo, paka apimwe uzani kwanza. Usimkatie tembe za watu kwa kukisia. Watoto wa paka huanza wakiwa na wiki 3, kisha kila wiki 2 hadi waache kunyonya. Mkubwa anayetembea nje, kila miezi 3.

La nyumbani lenye faida ni usafi. Zoa kinyesi kila siku, fua matandiko yake, maliza viroboto kwani ndio wanaobeba tegu, wala usimpe matumbo mabichi. Mayai ya minyoo hukomaa mchangani, na mtoto akila kwa mikono michafu, viluwiluwi vyake huweza kumfikia hata jichoni.

Wenye mbwa nao wasizembee. Barabara ya Kitale yafika hadi Turkana, ambako tegu mdogo wa mbwa amewatia watu wengi uvimbe wa maji ini na mapafuni, na wengine ikabidi wapasuliwe.

Dini yetu imetufunza kuwa paka si najisi, na kwamba kumtesa ni dhambi. Mnyama asiyeweza kusema ni amana. Dada alinunua dawa jioni ile ile. Thomu ikaingia kwenye mchuzi, mahali pake.