Habari za Kriketi Pande Mbili za Ziwa

Hakuna kijiji kisichojua mpira wa miguu, hata kile kisicho na duka. Lakini mkiulizwa habari za kriketi, wengi wenu mtajibu, "Huo ni mchezo wa Wahindi." Neno hilo twalisikia sana hapa Butimba, na sisi wenyewe tulilisema miaka mingi bila kulifikiri. Leo tumeona vema kulichungua, tujue kama ni kweli, na kama lilikuwa kweli, sababu yake ni nini. Maana ng'ambo ya ziwa hili hili, katika nchi ya Uganda, mtu akilisema neno hilo atachekwa na watoto wa shule.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya wale wasioujua. Huchezwa na watu 11 kwa 11. Katikati ya uwanja pana njia nyembamba, ngumu, urefu wake kama mita 20. Kila mwisho wa njia husimamishwa vijiti vitatu, navyo huitwa wiketi. Mtu wa upande mmoja hutupa mpira mdogo mgumu, akitaka kuviangusha vijiti; mtu wa upande wa pili husimama mbele ya vijiti na gongo la ubao bapa, akivilinda. Akiupiga mpira ukaenda mbali, yeye na mwenzake wa upande ule mwingine wa njia hukimbia na kupishana, na kila wavukapo huhesabiwa mkimbio mmoja. Vijiti vikianguka, au mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji hutoka, huingia mwingine. Wakiisha kutoka watu kumi, zamu yao imekwisha. Kila mipira sita inayotupwa huitwa ova moja. Mchezo huu wataka jicho kali, na zaidi ya jicho wataka saburi.

Sasa tuje kwenye historia. Mwaka wa 1877 wamisionari wa kwanza wa Kiingereza waliokuwa wakienda kwa Kabaka Mutesa walifika Kageye, kijiji cha pwani ya ziwa upande wetu huu wa Mwanza. Hapo ndipo walipopandia chombo kwenda Buganda, wakafika Rubaga tarehe 30 Juni mwaka ule. Alexander Mackay, aliyewafuata baadaye, alifariki mwaka wa 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa, akazikwa katika udongo wetu. Basi, njia ya elimu ya Uganda ilipita mlangoni petu. Ilipita, lakini si yote iliyopita ikakaa.

Huko ng'ambo zikajengwa shule kubwa. Mapadre wa Mill Hill, ambao shirika lao lilianzishwa Uingereza, walifungua Namilyango mwaka wa 1902. Wamisionari wa Kianglikana walifungua Budo mwaka wa 1906, na Mwiri katika nchi ya Busoga ikaanza mwaka wa 1911. Walimu wa shule hizo walikuwa wamelelewa katika shule za Uingereza, ambako kriketi yahesabiwa kuwa sehemu ya malezi ya kijana kama hesabu na kuandika. Kwa hiyo walipofungua masanduku yao, pamoja na vitabu yalitoka magongo. Mtoto wa Kiganda au wa Kisoga akajifunza kulinda wiketi akiwa na umri ule ule wa kujifunza kusoma. Wazee wetu husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ndivyo ilivyokuwa.

Upande wetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mapadre Weupe waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka wa 1883, kusini ya hapa Butimba, walikuwa wa shirika lililoanzishwa Algeria na Lavigerie, Mfaransa. Serikali ilikuwa ya Wadachi mpaka Waingereza walipouteka mji wa Mwanza Julai 1916. Watu hao walileta mengi, nasi twawashukuru kwa mema yao, lakini kriketi haikuwa mchezo wa kwao. Mtu hawezi kugawa asichokuwa nacho. Reli ilipofika Mwanza mwaka wa 1928, na pamba ya Usukuma ikawa mali, Wahindi walizidi kuja na maduka yao na viwanda vya kuchambulia pamba, na wapenzi wa kriketi wakaja nayo. Lakini katika miji ya Tanganyika ya wakati ule kila watu walikuwa na klabu yao: Wazungu na yao, Wagoa na yao, Waismailia na yao, Wahindu na yao. Shule nazo zilitengwa kwa rangi, na utengano huo haukuondolewa mpaka baada ya Uhuru. Mchezo ukakaa ndani ya ua. Mtoto wa Kisukuma aliyepita njiani aliona watu waliovaa nguo nyeupe wakisimama juani, asielewe wafanyalo, wala hakuwapo wa kumweleza.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu Wahindi. Walicheza walichokijua, pamoja na ndugu zao, kama sisi tuchezavyo ngoma zetu. Twasema tu kwamba mchezo uliofungwa katika klabu ya jamaa mmoja hutegemea jamaa huyo, naye akiondoka huondoka nao.

Tazameni jambo hili kwa mfano wa mwaka 1975. Mwaka huo lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, huko Uingereza. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilipeleka timu moja kwa jina la Afrika Mashariki, nahodha wake Harilal Shah wa Kenya. Ilicheza mara tatu, ikashindwa mara tatu: na New Zealand kwa mikimbio 181, na India kwa wiketi zote kumi, na Uingereza kwa mikimbio 196. Lakini sisi hatutazami kushindwa tu, twatazama majina. Kutoka Tanzania walikuwamo Praful Mehta na Shiraz Sumar, wote wawili wa asili ya Kihindi. Waafrika weusi katika timu nzima walikuwa wawili, nao wote walitoka Uganda: Sam Walusimbi na John Nagenda.

Huyu Nagenda ana habari inayowagusa wasomaji wetu. Baba yake ni William Nagenda, mhubiri mashuhuri wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea mpaka Bukoba na nchi nyingi. John alizaliwa hapo hapo Gahini mwaka wa 1938. Akawa mwandishi wa vitabu, akawa mtupaji wa mpira wa kriketi, akacheza Kombe la Dunia dhidi ya New Zealand. Alifariki mwaka 2023. Nyumba iliyoimba nyimbo za uamsho ilitoa mchezaji wa kriketi, wala watu wa kwao hawakuona ajabu.

Tena angalieni miaka ile ilikuwa ya namna gani. Mwaka 1971 serikali yetu ilitaifisha majumba ya kupangisha, na Wahindi wengi wakahama Tanzania. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 tu, wakatoka nchini kwa machozi, wakiacha maduka, nyumba na makaburi ya wazee wao. Mtu angedhani kwamba kriketi ya Uganda ingezikwa siku ile ile, kwa kuwa pigo lake lilikuwa kubwa kuliko letu. Haikuzikwa. Ilidhoofika sana, lakini ilibaki hai katika shule. Mwalimu aliyefundishwa na mwalimu wake alimfundisha mwanafunzi wake, na gongo la zamani likapita toka mkono hata mkono. Mizizi ilikuwa nje ya ua.

Matunda yake tumeyaona katika siku zetu. Sikilizeni habari za timu ya Uganda kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Mwezi Novemba 2023 timu saba za Afrika zilikutana Windhoek, Namibia, kugombea nafasi mbili za Kombe la Dunia la ova 20. Tanzania yetu ilikuwamo, ikashindwa na Uganda kwa wiketi nane. Uganda ikafungwa na Namibia; wengi wakadhani safari imekwisha, maana ilikuwa bado kukutana na Zimbabwe, nchi iliyo katika daraja la wakubwa wa mchezo huu. Tarehe 26 Novemba Uganda iliishinda Zimbabwe kwa wiketi tano. Tarehe 30 ikaishinda Rwanda, ikapata nafasi yake. Zimbabwe ikabaki nyumbani.

Juni 2024 wakaenda visiwa vya Karibi na Guyana. Tarehe 3 walishindwa vibaya na Afghanistan, wakapata mikimbio 58 tu. Tarehe 5 wakakutana na Papua New Guinea. Waganda wakawatoa wote kwa mikimbio 77. Hapo Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, mkubwa kuliko wachezaji wote wa kombe lile, alitupa ova zake nne akatoa mikimbio minne tu, akaangusha wiketi mbili. Kisha zamu ya Uganda ilipofika, wiketi tano zikaanguka wakiwa na mikimbio 26. Riazat Ali Shah akasimama. Hakupiga kwa pupa. Alikaa, akalinda, akakusanya mikimbio 33 kidogo kidogo, na Uganda ikafikisha 78 na kushinda kwa wiketi tatu. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia la wanaume.

Hatutaficha yaliyofuata. Tarehe 8 West Indies waliwatoa kwa mikimbio 39, na tarehe 14 New Zealand kwa mikimbio 40. Wakarudi nyumbani na ushindi mmoja na vipigo vitatu. Lakini angalieni tena majina, kama tulivyofanya kwa 1975. Nahodha alikuwa Brian Masaba. Riazat alizaliwa Pakistan, akahamia Uganda. Alpesh Ramjani na Ronak Patel wana asili ya Kihindi. Juma Miyagi alikulia Naguru, mtaa wa watu maskini mjini Kampala. Wote walivaa vazi moja. Ua ulikuwa umebomoka, wala haukubomolewa kwa kumfukuza mtu. Amin alifukuza, na kufukuza kwake hakukumjenga mchezaji hata mmoja. Kilichobomoa ua ni mchezo kutiwa mikononi mwa kila mtoto.

Je, Tanzania imelala? La. Tanzania ilipokewa peke yake katika Baraza la Kriketi la Dunia mwaka 2001, na tangu hapo wapenzi wa mchezo, wengi wao wa asili ya Kihindi, wameupeleka katika shule za serikali. Ndiyo maana timu ya taifa ya miaka hii imekuwa na Abhik Patwa pamoja na Ivan Selemani, Kassim Nassoro na Salum Jumbe. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walipata kwa mara ya kwanza nafasi ya Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026. Basi lile neno, "mchezo wa Wahindi," limeanza kuwa uongo hata upande huu wa ziwa.

Hapa yatupasa kuungama jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita shule moja tuliyofundisha ilipewa magongo sita na mipira, zawadi ya mfanyabiashara mmoja. Tulivipokea kwa shukrani, tukaviandika katika daftari, tukavifungia kabatini visipotee. Hakuna aliyejua mchezo, wala hakuna aliyejitahidi kuujua. Siku moja tukawakuta watoto pwani wakipiga mpira wa matambara kwa kipande cha ubao wa mtumbwi, na mawe matatu yakiwa nyuma yao badala ya vijiti. Tukawauliza, "Mmejifunza wapi?" Mmoja akajibu, "Tumeona kwenye simu ya kaka, mwalimu." Tulinyamaza. Magongo sita yalikuwa yamelala kabatini, na mchwa walikuwa wamekwisha kula mawili. Tuliwalaumu watu wa klabu kwa ua wao, kumbe nasi tulikuwa na ua wetu, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwetu.

Yaliyosalia tuliyatoa jioni ile. Hatukuwa hodari, watoto walitufundisha sisi.

Hapa Butimba pana chuo cha ualimu kinachojulikana kwa kuandaa walimu wa michezo, muziki na sanaa. Walimu wakitoka hapo huenda vijiji vingi. Basi, ninyi walimu wenzetu, na ninyi wazazi mnaokaa katika kamati za shule, habari hii ni yenu. Haikuandikwa kwa ajili ya kriketi peke yake. Kitabu, kinanda, cherehani, gongo, kila kilichofungwa kisipotee kimekwisha potea. Ulizeni katika shule yenu pana nini kabatini, na ufunguo anao nani.