Ibrahimu na Mwanawe: Namna ya Kusoma Habari ya Kafara

Katika habari zote za vitabu vitakatifu, sijui iliyo nzito kwa mzazi kama ile ya Ibrahimu kupanda mlimani na mwanawe. Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wanayo, na kila umma umeisoma kwa namna yake. Yafaa tuitazame historia ya usomaji huo, maana kuna watu waliokufa kwa sababu ya kusoma vibaya.

Katika Mwanzo, sura ya 22, mtoto ni Isaka. Anabeba kuni, anamwuliza baba yake mwana-kondoo yuko wapi, naye hapewi jibu la wazi. Katika Kurani, sura ya 37, baba anamweleza mwanawe ndoto aliyoota na kumtaka rai yake, na kijana anaridhia. Jina lake halikutajwa pale. Kwa hiyo wafasiri wa Kiislamu walihitilafiana: al-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, alishika kuwa ni Is-haka, Ibn Kathir, aliyefariki Damascus mwaka 1373, alisisitiza kuwa ni Ismaili, na rai hiyo ndiyo iliyoenea. Katika vyuo vya ualimu nilikofundisha, wanachuo wa dini zote mbili walishangaa kusikia kwamba ubishi huu ulikuwamo hata ndani ya nyumba moja, si baina ya nyumba mbili tu.

Rashi, mwanachuoni wa Kiyahudi wa Troyes, Ufaransa (1040–1105), alilichunguza neno la Kiebrania lililotumika. Alisema Mungu hakuagiza mtoto achinjwe, bali apandishwe. Alipokwisha kupandishwa, iliamriwa ashushwe. Katika uhai wa Rashi huyo huyo, mwaka 1096, wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliwavamia Wayahudi wa bonde la mto Rhine. Huko Mainz wapo wazazi waliowaua watoto wao, kisha wakajiua, kuliko kubatizwa kwa nguvu. Walioandika habari zao waliwafananisha na Ibrahimu. Lakini safari hii hakuna malaika aliyeuzuia mkono. Mimi siwahukumu waliozingirwa kwa panga. Lawama ni ya waliowazingira.

Karne nyingi baadaye wanafalsafa nao waliingia. Kant, mwaka 1798, aliona kwamba Ibrahimu alipaswa kuitilia shaka sauti ile: kutomwua mwanawe ni jambo la hakika, lakini kwamba aliyesema ni Mungu si hakika. Kierkegaard, huko Copenhagen mwaka 1843, aliitukuza imani ya Ibrahimu kuwa inapita kipimo cha kawaida cha wema na ubaya. Hata hivyo, naye alimwaza msikilizaji wa mahubiri anayerudi nyumbani na kutaka kuiga.

Msikilizaji huyo tumemwona kwetu. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea kwa moto. Shakahola, katika Kilifi, Kenya, kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo. Walionusurika walieleza kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu.

Basi msomaji ashike nini? Kwanza, asiishie katikati. Mtihani hujulikana kusudi lake unapofika mwisho, na mwisho wa huu ni kisu kuzuiwa na mnyama kuchinjwa badala ya mtoto. Ndivyo Idd Kubwa inavyokumbusha kila mwaka: mbuzi huchinjwa, na nyama hugawiwa jamaa na maskini. Pili, asome na yaliyo jirani. Torati, katika Mambo ya Walawi, inakataza kutoa watoto kafara, na nabii Yeremia anasema jambo hilo halikuingia hata moyoni mwa Mungu.

Tatu, amtazame anayeamriwa. Ibrahimu alijaribiwa kwa mwanawe mwenyewe. Hakutumwa kwa jirani kumwambia, "Lete wako." Mhubiri atakayekujia na agizo la namna hiyo, hata akiwa na kitabu mkononi, mfungie mlango.