Farumi ya Nafsi

Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, mawe au mchanga wa kulazwa ngamani, ili tanga likivimba lisilale likapinduka. Waingereza wameuhamishia uzito huo kwenye tabia: mtu mwenye farumi ni yule asiyepeperushwa na kila upepo. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wao. Katika Theaetetus ya Plato, Theodorus, mwalimu wa hesabu, anasema vijana wenye akili kali huenda mrama kama vyombo visivyo na farumi. Lakini haishii hapo. Wale wazito nao, asema, huja darasani wakiwa wazembe na wasahaulifu.

Mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer hakuijali nusu hii ya pili. Mwaka 1851 aliandika kwamba kila mtu anahitaji kiasi fulani cha dhiki, kama chombo kinavyohitaji farumi kiende sawa. Mwaka huohuo Melville, aliyewahi kuwa baharia wa meli ya kuvua nyangumi, alitoa riwaya ya Moby-Dick. Humo meli inaelemewa upande mmoja na kichwa cha nyangumi. Kinaning'inizwa cha pili upande wa pili, inakaa sawa, ila inaugua kwa mzigo. Ndivyo walivyo, asema kwa kejeli, wanaombeba mwanafalsafa Locke huku na mwenzake Kant kule: heri wavitose vichwa vyote baharini waelee.

Mimi namwamini baharia. Farumi hailipi nauli, tena hula nafasi ya shehena. Na kuiongeza si dawa ya kila chombo. Vasa, manowari ya Sweden, ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza, haijamaliza hata kilomita 2. Ilikuwa nzito mno juu. Na lau ingeongezewa mawe chini, matundu ya mizinga yangekaribia maji.

Pwani yetu ina jibu jingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, anaifananisha dunia na bahari iliyochafuka, yenye miamba, na kila aipandaye huambulia hasara. Plato na Schopenhauer wanatafuta namna ya kusafiri salama. Mshairi huyu anaikataa safari yenyewe. Na hakuyasema hayo kwa nadharia tupu: alikuwa ameona majumba ya matajiri wa Pate yakigeuka magofu. Walimu wa fasihi linganishi, msomesheni mshairi huyu bega kwa bega na Schopenhauer. Kwa maoni yangu, ndiye mkali kuliko wote niliowataja.