Ushahidi: programu iliyotoka Nairobi ikafika Kivu ya Kaskazini

Siku hizi risasi zikisikika karibu na Kyavinyonge, ujumbe unapita haraka kwenye makundi ya WhatsApp na Butembo inajua. Mwaka wa 2008 wakaaji hawakuwa na njia hiyo. Mwaka huo programu moja kutoka Kenya ilijaribu kuwapa.

Inaitwa Ushahidi. Ilizaliwa Januari 2008, Kenya ikiwa katika fujo baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Mwanasheria Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake nani anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha maovu yanatendeka wapi. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao waliitengeneza kwa siku chache tu.

Walipoiandika upya, hawakuanza kila kitu wenyewe. Msingi ulitoka Kohana, ramani ikatoka OpenLayers, na ujumbe wa simu uliweza kupitia FrontlineSMS ya Ken Banks. Ni kama pirogi: mbao za huyu, wavu wa yule, mota ya mwingine. Vipande hivyo vyote vilikuwa vya bure. Shida ni kwamba mwenye mota akiibadilisha bila kukuambia, unaweza kubaki katikati ya ziwa.

Ndiyo maana watengenezaji wanaweka maandishi ya programu katika ghala moja kwenye intaneti. Linafanana na daftari la AVEC: ya zamani hayafutwi, na kila badiliko lina tarehe na jina la aliyelileta. Anayeitaka programu anatoa nakala yake, na anaandika ni toleo gani la kila kipande alichochukua. Kipya kikileta matatizo, anarudia cha zamani. Bila daftari hilo, hakuna anayejua nini kimeharibika.

Mwisho wa Oktoba 2008, CNDP ya Laurent Nkunda ilikaribia Goma. Tarehe 4 na 5 Novemba raia waliuawa Kiwanja, katika Rutshuru, na familia nyingi zikahama. Mwezi huohuo watu wa Ushahidi walifungua ramani ya Kongo, kwa toleo lililokuwa bado la majaribio.

Programu ilivuka mipaka bila kuulizwa karatasi. Kazi ngumu ilikuwa kwa mama aliyekimbia: simu bila moto, rezo hakuna, na hofu kwamba kutaja kijiji chake ni kujitaja mwenyewe. Tatizo hilo halitengenezwi kwa toleo jipya.

Januari 2010 ramani ya namna hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Maandishi yake yako wazi hadi leo kwenye GitHub, na kijana wa Butembo mwenye kompyuta na mega za kutosha anaweza kutoa nakala. Ripoti za raia wa Kongo hatazikuta humo. Ghala linatunza maandishi ya programu, si maneno ya waliokimbia.