Kutoka Waya hadi Kiganjani: Neno "Simu" katika Kanuni za Usalama Kazini

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kushughulikia majina ya vitu kuliko vitenzi. Kifaa kipya kinapoingia nchini, swali letu la kwanza ni: kiitweje? Swali la pili, yaani kinatendwa nini na ni tendo lipi linalokatazwa, huachiwa msimamizi wa kiwanda au mchora mabango. Makala haya yanachukua mfano wa simu na kanuni za kuitumia mahali pa kazi, tukitazama hasa Musoma, Bunda na Butiama, ili kuonyesha kwamba upungufu huo waweza kumgharimu mfanyakazi mkono wake au maisha yake.

Neno "simu" limetokana na Kiajemi, ambamo "sim" ni fedha na pia ni waya. Jina hilo lilisadifu. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na simu ikawa ni habari iliyosafiri katika waya. Ilipokuja simu ya kusemea, neno lilibaki lile lile. Baadaye mawimbi yalipoanza kuchukua sauti pasipo waya, wananchi walisema "simu ya upepo", jina ambalo kwa asili yake ni sawa na kusema "waya wa upepo". Hapana aliyeona kasoro, kwa kuwa neno lilikwisha kusahau kwao.

Huduma ya simu zisizo na waya wa nyumbani ilianza Tanzania mwaka 1994, kwa kampuni ya Mobitel. Ndipo yalipoenea majina "simu ya mkononi" na "simu ya kiganjani". Huko Kenya magazeti na redio yalipendelea "rununu". Msomaji ataona kwamba jina la asili lilitaja njia ya kupitia habari, na hili la sasa linataja mahali kifaa kinaposhikwa. Yote mawili hayasemi mtu anakifanyia nini.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikuwa na madhara. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, yaani Sura ya 297, ilihusu mitambo, mikanda na boila. Haikuwa na haja ya kutaja simu, kwa sababu simu ilikaa mezani ofisini. Wakati kiwanda cha nguo cha MUTEX kilipokuwa kikifanya kazi Musoma katika miaka ya 1980, simu haikuweza kumfuata mfanyakazi kwenye mtambo wake. Sheria hiyo ya kikoloni ilifutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri awaeleze wafanyakazi hatari za kazi yao, na mfanyakazi atii maagizo halali. Miaka mitano baadaye, mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilianza nchini. Tangu hapo simu ni mkoba wa fedha, na pia ni saa, redio, kamera na tochi. Anayemwambia mfanyakazi aiache simu langoni anamwambia aache mkoba wake.

Sasa tutazame mahali pa kazi penyewe. Katika viwanda vya kuchambua pamba vya Bunda, hatari kubwa ya simu ni macho na mkono kuondoka kwenye mtambo: mkanda unaozunguka haumngojei aliyeinama kusoma ujumbe. Katika viwanda vya minofu ya sangara vya Musoma hatari ni uchafu, kwa kuwa simu hutoka mfukoni na kurudi kwenye mkono unaoshika chakula. Wilayani Butiama, kwenye machimbo ya dhahabu ya eneo la Buhemba, hatari ni nyingine kabisa. Palipotegwa baruti kwa kiwashio cha umeme, chombo chochote kinachotoa mawimbi karibu na nyaya zake chaweza kuamsha umeme ndani yake. Na katika vituo vya mafuta vya barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, bango la kukataza simu limeenea kuliko sababu yake inavyofahamika. Chanzo cha moto kilichothibitika zaidi ni cheche ya umeme tuli wa mwili au nguo. Lakini simu haikuundwa kufanya kazi penye mvuke wa petroli, na anayejaza mafuta huku akizungumza hayaangalii mafuta.

Hatari ni nne, lakini maneno ya mabango ni karibu yale yale: "Usitumie simu ya mkononi", au "Zima simu". Tuyapime.

(a) "Kutumia". Katika Kiswahili kupiga simu ni tendo, na kupigiwa ni jambo linalomfikia mtu. Mfanyakazi aliyepokea simu atasema kwa moyo safi, "Mimi sikupiga, nimepigiwa." Aliyewasha tochi ya simu ili achungulie ndani ya tangi la petroli usiku hatahesabu kuwa ametumia simu, ametumia tochi.

(b) "Ya mkononi". Dereva mwenye vipokea sauti masikioni ataonyesha mikono yake mitupu. Jina la kifaa limemfungulia mlango ambao kanuni ilikusudia kuufunga.

(c) "Zima". Kwa wengi, simu iliyonyamazishwa ni simu iliyozimwa. Msikitini, kanisani na mkutanoni hilo latosha. Penye baruti halitoshi hata kidogo, maana simu iliyo kimya bado hutoa mawimbi.

Liko neno jingine la kuangaliwa, nalo ni "ajali". Kwa Kiarabu "ajal" ni muda uliokwisha kuwekwa, hasa muda wa kufa. Wahenga wakasema, "Ajali haina kinga." Hatupendekezi neno hilo liachwe, limekwisha kuzoeleka na sheria zetu zinalitumia. Lakini mwandishi wa kanuni akumbuke kwamba anaandika dhidi ya methali. Afadhali aseme "Mkanda huu hukata vidole" kuliko "Epuka ajali", kwani la kwanza humwonyesha mtu sababu, na la pili humrudisha kwenye majaaliwa.

Mfano mwema tunao. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilifika vijijini kwa redio na vikundi vya masomo, ikitaja matendo waziwazi: chimba choo, chemsha maji. Mara ni mkoa wa Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Wakurya na wengineo, na wengi wao walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama. Kwao kitenzi dhahiri ni msaada, na jina la jumla ni fumbo.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni zitofautishe matendo matatu: kuacha simu, kuzima simu na kunyamazisha simu. Kwenye pamba na samaki: "Acha simu nje ya chumba hiki", na mwajiri aweke kabati lenye kufuli, maana anapokea mikoba ya watu. Machimboni: "Zima simu kabisa kabla ya kuvuka alama hii, kunyamazisha hakutoshi." Kituoni: "Usipige, usipokee, usiwashe tochi ya simu." Kwa dereva: "Usishike, usisome wala usizungumze na simu gari likienda."

Marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani mfasiri aliweza kusema kwamba maana kamili imo katika Kiingereza. Sasa hana pa kujificha. Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, alipoitoa tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 kwa jina la "Mabepari wa Venisi", alionyesha kwamba neno moja laweza kubeba hukumu nzima. Bango la kiwandani halina fahari ya tamthilia, lakini msomaji wake amesimama hatua moja kutoka kwenye mkanda unaozunguka.