Uzi wa Bibi
Historia ya Dodoma tumezoea kuihesabu kwa maamuzi ya wakubwa: 1973 TANU yaamua makao makuu yahamie hapa, 2016 Serikali yaanza kuhamia. Ila Kanisa Katoliki lilikwisha kuifanya prefektura ya kitume mwaka 1935, na historia hiyo imo pia mikononi mwa bibi wa Makole. Rozari yake ya punje 59 ikikatika, huifunga uzi akaendelea kusali. Kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa yaagiza vitu vitakatifu vitunzwe kwa heshima, hata vikiwa mali binafsi. Vikichakaa kabisa, desturi ni kuvichoma au kuvizika, si kuvitupa jalalani. Sisi huzindua majengo kwa shangwe, kisha tukasahau kuyakarabati. Mali ya umma nayo yastahili walau uzi wa bibi yule.