Meli zinazozamishwa kwa makusudi: baharini zinafaa, je, kwenye ziwa Kivu?

Tukisikia meli imezama, tunauliza kwanza kama kuna watu waliopona. Lakini kuna meli zinazozamishwa kwa makusudi, bila mtu hata mmoja ndani. Lengo ni kuzifanya nyumba ya samaki na mahali pa kutembelewa na wapiga mbizi, wale wanaoshuka chini ya maji na chupa ya hewa mgongoni.

Mfano ulio karibu nasi uko Kenya. Mwaka 2002, meli Dania, iliyokuwa inasafirisha mifugo, ilizamishwa mbele ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Ina urefu wa mita 75 hivi, na imelala karibu mita 30 chini ya maji. Wageni wanalipa ili washuke kuiona.

Juu ya nini inafaa? Sehemu kubwa ya chini ya bahari ni mchanga ao matope tu. Viumbe vidogo kama matumbawe vinatafuta kitu kigumu cha kushikilia, na chuma kinawapa. Kisha samaki wadogo wanakuja kula na kujificha, na wakubwa wanawafuata. Wataalamu wangali wanabishana: je, samaki wanaongezeka kweli, ao wanahama tu kutoka mahali pengine?

Kazi kubwa inafanyika mbele ya kuzamisha. Mafuta yote yanatolewa, pia nyaya, rangi yenye sumu na asbesto. Milango inaondolewa na matundu makubwa yanakatwa ili mpiga mbizi asikwame ndani. Kazi hiyo inakula franga nyingi, na haiendi vizuri kila mara. Mwaka huohuo wa 2002, kule Florida, Marekani, meli ya zamani ya jeshi, Spiegel Grove, ilizama kabla ya saa iliyopangwa, tena ikageuka chini juu.

Florida iliona pia hasara nyingine. Katika miaka ya 1970, tairi karibu milioni 2 zilitupwa baharini karibu na Fort Lauderdale, eti zitakuwa nyumba ya samaki. Kamba zilizozifunga zikakatika, tairi zikaanza kutembea na kugonga matumbawe yenye uhai.

Sasa, boti zilizochoka za ziwa Kivu nazo zizamishwe? Hapa mambo ni tofauti kabisa.

Kwanza, oksijeni katika Kivu haishuki kupita mita 60 hivi. Chini yake kuna maji yenye gesi ya kaboni na metani, na samaki hawaishi humo. Ziwa lina kina cha karibu mita 485, na kandokando yake ni mteremko mkali. Boti ikiteleza, imekwenda mahali ambapo haimsaidii samaki yeyote.

Pili, sambaza, aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, anaishi kwenye maji ya wazi. Ndiyo maana wavuvi wanamvuta kwa taa usiku. Hahitaji nyumba ya chuma. Lakini chuma hicho kinaweza kupasua wavu wa mvuvi.

Tatu, watu wanachota maji ya ziwa hili. Mafuta ya injini yakibaki ndani ya boti, yatawafikia. Kivu ina mlango mmoja tu wa kutokea, Ruzizi, na maji yake yanateremka mpaka Tanganyika.

Hata mpiga mbizi hapa anahitaji hesabu nyingine. Ziwa liko mita 1.460 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Hesabu za kupanda taratatibu zilizopangwa kwa bahari hazitoshi huku.

Kwa hiyo, siku mtu akileta mradi wa namna hii, maswali ni matatu: nani ameisafisha boti, na nani amehakikisha? Itakaa kwenye kina gani? Wavuvi wa mahali hapo wamekubali? Kama majibu hayapo, huo si mradi wa samaki. Ni kutupa takataka ziwani.